Kikapu cha Safari ya Mwanza

Alhamisi, Agosti 1952

Eti mpira si wa wanawake! Mume wangu, Baba Kulwa, amenijibu hivyo nilipoomba twende wote, huku akininyooshea kikapu nimtilie michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga za njiani. Jumamosi yeye na wenzake wa kiwanda cha pamba wanapanda treni kwenda Mwanza, kutazama timu ya Dar es Salaam.

Na jezi za timu yao ya kiwanda nani anazifua? Nani aliwaambia kipa wao mzito kutoka golini, wakanicheka, wakafungwa matatu?

Maneno ya mama mkwe nayaogopa, sifichi. Lakini dada amekubali kubaki na watoto, na tiketi yangu nimeshakata.

Kikapu nimekijaza. Jumamosi nitakipakata mwenyewe ndani ya treni. Mwenye njaa aje akae karibu na mwanamke.