Ulipoacha Lami Pale Kyimo

Mwanangu Atuganile,

Ndaga, mwanangu. Mama yako ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika kwa baridi ya huku kwetu, maana mvua ya mwaka huu haijui Jumapili wala Jumatatu. Nimekuandikia barua mbili tangu uhamie Njombe, hukujibu. Hii ya tatu sikuilamba bahasha. Nimeiacha wazi, asomewe kila mtu kwenye kikao cha akina mama, na anayetaka kuipeleka gazetini aipeleke. Waliokucheka walikucheka mchana kweupe, katikati ya barabara. Kwa nini mimi nizungumze kwa kunong'ona? Unisamehe mwandiko. Unajua nimejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na wewe ndiye uliyekuwa unanisahihisha.

Nina kinyaa, Atuganile. Hasira ningeimaliza kwa kupiga kelele shambani. Hiki kinakaa kooni kama nzi uliyemmeza ndani ya maziwa, ukajua umemmeza, na hatoki.

Nakumbuka siku uliponiambia. Ulikuwa umetimiza miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wanne, mwalimu mzima wa shule. Nilikuwa namenya ndizi, wewe umekaa kwenye kigoda, ukasema, "Mama, nataka kukimbia."

Nikasema, "Kukimbia nani? Mumeo kakupiga?"

Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Ukanieleza kwamba soko huria limeleta na mbio, kuna kampuni ya soda inataka kufanya mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili, kutoka Tukuyu mjini kwenda kupita Kiwira na kurudi. Na mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini atakayemaliza chini ya masaa manne ataingizwa kwenye timu ya mkoa, akakimbie Dar es Salaam. Mimi nikakuuliza kama daktari amekubali. Nikakuambia kizazi kitashuka. Nikakuambia moyo wa mwanamke aliyezaa wanne si wa kuchezewa. Ukasema, "Mama, moyo huu umekaa unasubiri tangu nina miaka kumi na saba."

Nilijua unachosema. Ulipokuwa na miaka kumi na saba mwalimu wako alikuja nyumbani kuomba uende ukashindane mkoani, na mimi na marehemu baba yako tukamwambia ng'ombe wa mahari wamekwishafika, binti hawezi kuonekana anakimbiakimbia. Mwalimu akaondoka na baiskeli yake. Wewe ulichukua ndoo. Ulikwenda mtoni kuchota maji, na ulikimbia njia nzima, nikakuona.

Basi safari hii nikasema acha nisimame upande wako. Ndipo ikaanza ile kazi yetu. Ulikuwa unalala kwangu Kawetele siku za Ijumaa, Jumamosi alfajiri unatoka na ukungu, na vile viatu vyako vya mitumba, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, umejaza kitambaa mbele. Mimi nakaa kwenye jiwe kando ya lami na saa yangu ya mezani, ile ya kengele, nimeifunga kwenye kanga ili isilowe. Ulinifundisha: mshale mrefu ukifika hapa, mama, niwe nimerudi. Madereva wa malori ya chai walikuwa wanapunguza mwendo. "Mama, saa unauza?" Nikawajibu, "Nauza, lakini huna meno ya kuinunua." Ulikuwa ukirudi umeloa kama aliyevuliwa mtoni, mimi nakukanda miguu kwa maji ya moto ya majani ya mkaratusi, unakula ndizi na maziwa mgando, unalala. Nilikuwa nakutazama umelala, jasho limekauka chumvi usoni, nikaogopa. Nikaogopa kila Jumamosi. Lakini mshale ulikuwa unarudi nyuma, wiki kwa wiki, na mimi nikaanza kupenda.

Njia yako ilikuwa na tatizo moja, na tatizo hilo lina nyumba yake pale Kyimo, kando kabisa ya barabara. Mkweo.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Sisi mke hakutani na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia migombani, anageuza mgongo, anajifunika, anasubiri mpaka mzee apite. Jina lake hatamki. Wachungaji wamelegeza, vijana wa mjini wameacha, lakini mkweo yeye hakulegeza. Na wewe ulikuwa unamheshimu. Ukifika karibu na Kyimo unaacha lami, unapita njia ya mashamba ya chai, unazunguka, unatokea mbele. Ulisema, "Mama, wenzangu watakimbia kilomita arobaini na mbili, mimi nafanyia mazoezi arobaini na tano." Tukacheka. Sasa nikikumbuka kile kicheko natamani kujipiga kofi.

Siku ya mbio hakuna kuzunguka, njia ni lami. Kwa hiyo tulifanya kama inavyotakiwa. Tulimtuma mumeo kwa baba yake, siku tano kabla, akamwomba kwa upole abaki ndani asubuhi ile mpaka upite. Mumeo alirudi akasema mzee amekubali. "Nitakaa ndani. Nina kazi gani barabarani?" Ndivyo alivyojibu. Tukashukuru. Mimi nilimwombea baraka, mjinga mimi.

Nilifika Kyimo mapema, na saa yangu. Watu wamejaa pande zote mbili, gari la kampuni linapiga muziki, vijana wanagawa fulana na soda. Mlianza saa moja kamili. Ulipokuwa unakwenda Kiwira ulipita pale salama, mlango wa mkweo umefungwa. Saa nne na dakika tano nikakuona unarudi kwenye kona, namba hamsini na mbili kifuani. Mwanangu, ulikuwa mzuri. Uso umetulia kama wa mtu anayekuna nazi nyumbani kwake. Zimebaki kilomita kama nane, na mimi nilikuwa nimekwisha hesabu kwa vidole, ungemaliza na dakika kumi za kutupa. Akina mama wa Lufingo waliokuwa karibu yangu wakaanza vigelegele.

Hapo mlango wa mkweo ukafunguka.

Akatoka. Amevaa lile koti lake refu, na juu ya koti amevaa fulana ya bure ya kampuni ya soda, nyekundu, imembana tumboni. Fimbo mkononi. Hakusimama kwake mlangoni. Alitembea mpaka katikati ya lami, akasimama, akatazama ulikokuwa unatokea.

Na mimi, mwanangu, mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili. Nikapiga kelele, "Gwe Atuganile! Mkwe!"

Ndivyo nilivyokufunda. Ukiwa na miaka kumi na saba, wiki moja kabla ya ndoa, nilikutembeza njia ya kisimani, mimi mwenyewe nikisema lile neno, na wewe ukiruka pembeni. Ukichelewa nakuchapa kidogo miguuni. Tulirudia mpaka mwili wako ukawa unatii bila kuuliza. Nilijivunia.

Ulitii. Uliacha lami, ukaruka mtaro, ukaingia migombani, ukachutama umegeuza mgongo. Hukuwa na kanga, ukavuta jani la mgomba ukajifunika kichwa. Na yeye hakupita. Alisimama pale pale, akatoa ugoro wake, akanusa polepole, akapiga chafya, akajifuta kwa ile fulana. Wakimbiaji wengine wanampita kulia na kushoto. Wale wanawake wawili uliokuwa umewaacha Kiwira wakapita. Na yule kijana wa kipaza sauti juu ya gari akatangaza, "Namba hamsini na mbili ameingia porini kujisaidia! Mpigieni makofi mama yetu, soda zimemzidi!"

Watu walicheka. Nilitazama nyuso, nikaona watu ambao nimewazika nao wazazi wao, wamefungua midomo wanacheka, soda zinawamwagikia kidevuni. Na kila mmoja wao alijua. Hakuna mtu wa Kyimo asiyejua maana ya mwanamke kuchutama migombani na jani kichwani. Walijua, na walicheka.

Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwa mzee. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, mzazi mwenzangu, rudi ndani. Sikwenda. Nilisimama natazama mshale. Dakika kumi na mbili alikaa pale, kisha akajikohoza, akarudi ndani kwake. Ulipoinuka miguu ilikuwa imekaza, nilikuona unavyoburuta wa kushoto. Ulimaliza kwa masaa manne na dakika sita.

Jioni ile kwangu sikuthubutu kukukanda miguu. Nilianza kumtukana mzee, ukanizuia. Ukasema, "Yeye ningempita, mama. Nilikwisha amua tangu kwenye kona kwamba nitampita. Sauti yako ndiyo sikuweza kuipita."

Ulisema kwa upole. Afadhali ungenipiga.

Ukaomba uhamisho, ukaenda. Mimi nikabaki na kinyaa changu. Kwanza kwa mkweo. Maana wewe hukutaka kusema, lakini mimi nasema: mwaka ule alipougua tumbo, wanawe wa kiume waliziba pua, na ni wewe uliyeingia chumbani kwake. Ni mikono yako iliyobeba ndoo, iliyofua mashuka yale, iliyomfuta matapishi shingoni. Siku kumi na moja. Hakuna aliyesema mkwe, mkwe. Alipokuwa ananuka, ulikuwa mwanawe. Alipopona akaweza kusimama, ukawa tena mtu wa kujificha. Heshima gani hiyo inayoondoka na harufu na kurudi na fimbo?

Nilikwenda kwake wiki moja baada ya mbio. Nilijiandaa njia nzima. Nilimkuta barazani, akanikaribisha vizuri sana, akasimama kabisa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mzazi mwenzangu, nilitaka nije mwenyewe kukushukuru. Watu wote wameona. Mbele ya wageni, mbele ya magari, binti yako alinitii. Wengine wanazaa, lakini wewe ulifunda."

Nikamuuliza, "Ulisema utakaa ndani."

Akacheka. "Ningekaa ndani, wangejuaje kwamba mke wa mwanangu ananiheshimu?"

Akaita, nikaletewa mkungu wa ndizi, mkubwa, wa zawadi. Na mimi, Atuganile, niliupokea. Mazoea ya mikono. Nikapiga na magoti, nikasema ndaga, asante. Nilifika nao darajani ndipo nikatapika kando ya njia, mwanamke wa miaka yangu, kilemba kichwani. Ule mkungu niliwatupia nguruwe. Sifa zake sikupata pa kuzitupa. Zimenikaa mwilini kama mafuta machafu, naoga, nazisikia bado. Kwa sababu alisema kweli. Yeye alisimama tu barabarani. Kazi nilikuwa nimeifanya mimi, miaka ishirini na sita kabla.

Mwezi uliopita waliniita, kama kawaida yao, nikamfunde mjukuu wa jirani anayeolewa. Nilimfundisha kupika, nilimfundisha kuweka maneno ya ndani ndani, nilimfundisha asikubali kupigwa. Tulipofika njia ya kisimani, shangazi zake wakasema, "Haya, mama, sasa lile la mkwe." Nikawaambia salamu nzuri inatosha, mtu asalimie apite. Shangazi mkubwa akasema, "Mama Atuganile amezeeka, anasahau." Nikamwambia, "Sijasahau hata moja. Ndiyo maana sifundishi." Hawataniita tena, najua. Wafundaji wengine wapo wengi.

Mumeo alipita hapa kuniletea sukari. Akaniambia, huku anatazama sakafu kama kawaida yake, kwamba huko Njombe umeanza tena. Kwamba unaamka na baridi ile, unakimbia peke yako, na kwamba mwaka huu mbio zinarudi, njia ni ile ile, na umeuliza fomu lakini hujaijaza. Anasema unaogopa Kyimo.

Ijaze, mwanangu. Una miaka arobaini na minne, magoti bado ni yako. Mzee atatoka, mimi sijidanganyi, ameonja na amependa. Atatoka na fimbo yake na fulana yake, na watu watapanga mistari kusubiri uchutame. Pita. Kama amesimama kulia, pita kushoto. Kama amesimama katikati, mwambie "shikamoo baba" kwa sauti, usipunguze mwendo. Wakisema hukufundwa, waambie ulifundwa, na aliyekufunda ameyaondoa mafunzo yale kwa mkono wake mwenyewe, kwa karatasi hii, mbele ya watu.

Bado kuna kitu kimoja kinachoninyima usingizi. Najijua. Nimesema lile neno maisha yangu yote, na mama yangu kabla yangu. Nitajiziba mdomo kwa kanga, nitauma ulimi, lakini mwili mzee una mambo yake. Kwa hiyo nakuomba, na ni mimi mama yako ninayekuomba: ukifika pale kwenye kona, hata ukisikia mimi ndiye ninayekuita, usigeuke.

Baki salama, vaa sweta ukimaliza kukimbia.

Ni mimi,
mama yako mzazi, wa Kawetele