Gari la Baba Linachemka Kwenye Foleni, na Bibi Harusi ni Mimi

Shangazi Brigitha mpendwa, shikamoo. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, naomba msaada wako na jina langu usilitaje, maana nimemdanganya baba yangu mzazi na sijui nautoaje huo uongo. Naolewa Jumamosi ya wiki ijayo hapa hapa Ifakara, na tangu nikiwa darasa la tatu baba anasema siku hiyo atanipeleka kanisani mwenyewe kwa Corolla yake, gari lililonizidi umri, lililonipeleka shule ya bweni, lililomkimbiza mama hospitali akajifungua mdogo wangu, na baba analipenda kiasi kwamba mama huliita mke mwenzie, kwa utani lakini si utani sana.

Tatizo ni kwamba gari linachemka, shangazi, na si kila mahali. Tukienda Lupiro kwa baba mkubwa linakimbia vizuri, mshale wa joto umetulia katikati, baba anapiga mluzi, lakini tukirudi mjini msimu huu wa mavuno, malori ya mpunga yamejipanga kwenye mashine za kukoboa na bajaji zimeziba kila upenyo, dakika kumi tu mshale unapanda, mvuke unatoka, baba anazima, tunashuka. Fundi amebadilisha thamostati, amebadilisha mfuniko wa rejeta, maji hayavuji popote, na bado. Wala huwezi kusema baba halitunzi, kwani kila mavuno tukianza safari za shamba Namawala anashona kipande cha chandarua kilichochakaa na kukifunga kwa waya mbele ya rejeta ili pumba na mbegu za majani zisiingie, mwaka unaofuata anaongeza kingine juu yake, na fundi alipotaka kuvigusa alifokewa.

Mwaka juzi aliolewa dada yangu. Tarumbeta mbele, msafara unakwenda mwendo wa miguu, baba kwenye usukani na suti yake, na karibu na soko gari likachemka. Dada akashuka na shela lake akapandishwa bajaji, watu wanarekodi kwa simu, video ile hata Malinyi waliiona. Padri alikuwa na ndoa nyingine mbili siku hiyo, hakuweza kusubiri. Baba alibaki na gari lake, akafika kanisani viapo vimeshaisha, na mpaka leo hajawahi kulizungumzia jambo hilo.

Basi niliogopa, nikamwambia baba kwamba ukoo wa mchumba wangu una mila yao, bibi harusi lazima achukuliwe na gari la upande wao. Hakuna mila hiyo, shangazi, niliitunga nikiwa naosha vyombo. Baba akasema, "Haya mwanangu, mila ni mila." Kesho yake asubuhi nikamkuta analiosha gari, anasugua mpaka vitasa vya milango. Nikamuuliza, "Baba, unakwenda wapi?" Akasema, "Siendi popote." Nimelia sana. Nikisema ukweli ataona namwonea aibu, nikinyamaza nitasimama altareni na uongo moyoni. Nifanyeje?

Bibi Harusi Mwenye Aibu, Ifakara

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umeficha jina, halafu umetaja Corolla, vyandarua na dada aliyepanda bajaji na shela. Ifakara nzima imeshakujua. Gazeti hili linafika mtaani asubuhi, kwa hiyo ukilisoma tu, mwahi baba yako kabla hajalinunua.

Nikugombeze kwanza. Njia ya mwongo fupi. Mama mkwe wako akipongezwa ukumbini kwa mila asiyoijua, utajificha wapi? Na mzee aliyekupa njia rahisi ya kutoka, akaenda kuosha gari ambalo haliendi popote! Hapo hata mimi nilifuta macho.

Sasa gari. Kazi yangu ni ndoa, lakini niliishi miaka thelathini na moja na marehemu mume wangu Marcelino, dereva wa lori, na nilipofika kwenye vyandarua nilicheka peke yangu ofisini. Nikampelekea barua fundi Kelestini, hapo nyuma ya ofisi yetu, naye akacheka. Gari likikimbia, upepo unasukumwa kwenye rejeta na kupenya hata kwenye kitambaa. Likienda polepole linategemea feni peke yake, na feni haiwezi kuvuta hewa kupitia vyandarua vya mavuno yote hayo, vimejaa vumbi na pumba. Baba yako amelikinga gari lake mpaka amelikaba koo. Alifanya kwa mapenzi, kwa hiyo asichekwe, tumeshacheka sisi.

Nenda kwake leo. Mwambie hivi: "Baba, ile mila niliitunga mimi. Niliogopa litachemka tena, na sitaki ukose viapo vyangu kama ulivyokosa vya dada." Usiongeze nakshi.

Kisha mwombe afungue zile waya kwa mkono wake, kwa sababu yeye ndiye aliyezifunga. Gari liwe limepoa kabisa, na mfuniko wa rejeta asiufungue mtu likiwa la moto, utaolewa ukiwa na bandeji. Avitoe vyandarua vyote, rejeta ioshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kuja mbele. Halafu liwasheni, liungurume pale pale uani, mkitazama mshale. Feni lazima iamke yenyewe. Ikilala, fundi aangalie fyuzi na waya zake. Ikizunguka na mshale bado unapanda, basi rejeta imeziba ndani, nayo ifunguliwe wiki hii hii, siyo Ijumaa jioni. Likitulia, nendeni mashineni malori yakiwa yamejaa, mkae kwenye foleni hiyo nusu saa, wewe na baba yako tu.

Na Jumamosi mwondoke nyumbani mapema kuliko ilivyopangwa. Gari likishapona, mzee huyo atakwenda polepole kuliko hata wapiga tarumbeta. Usimwambie aongeze mwendo.