Boksi Lisifunguliwe

Jamani, msilifungue lile boksi la mashine ya kufulia! Yule dereva wa duka aliyetushtua asubuhi kwa hodi zake atarudi jioni kulichukua. Likifunguliwa, deni ni langu. Baba, mpe boksi tu, usimpe na maneno.

Sikuinunua mimi. Mtu ameiba namba za kadi yangu ya mkopo akaagiza vitu mtandaoni, na duka likaleta mzigo kwa mwenye kadi. Nikiwa bado nimeduwaa mlangoni, Mama akapiga vigelegele: "Mwanangu katimiza ahadi!" Nikakosa moyo wa kumkatiza.

~~Mama, nisamehe.~~ Hapana, nimefuta. Mwizi ndiye aombe msamaha! Kadi nimeshaifunga, na sasa naenda benki kuyakana manunuzi yake yote. Wakiniambia nirudi kesho, nitakaa palepale mpaka wanizoee.

Kaka, acha kuniita tajiri.

Mama, niliahidi kwamba nikipata kazi hutafua tena mashuka kwa mikono. Tazama kambani: nimeyafua yote mwenyewe. Vidole vimechubuka, ndiyo maana mwandiko umepinda. Yakikauka yaanuliwe, lakini si na wewe.

Kitindamimba wenu