Kawaya ka Kuinua Kope

Kedowa, Jumapili baada ya kanisa

Ndugu yangu Onyiego,

Pokea salamu za dada yako. Mvua ni nyingi, chai imeota mpaka inanishinda, na mgongo umechoka.

Zile kope zangu zilizolegea, daktari wa macho alisema si lazima nipasuliwe. Amenipa miwani yenye kawaya kadogo kwa ndani kanakoinua kope. Kanafinya, na macho yanakauka, lakini sasa naona jani la kuchuma na la kuacha. Kwa kituo cha kupima chai hawanirudishii tena majani.

Kabla ya miwani, watu walidhani nalala. Hata kanisani walikuwa wananigusa bega. Hapa nyumbani mwanangu Zack alizoea kuongea mambo yake yote mbele yangu. Juzi juzi alikupigia simu nikiwa kitini karibu naye, nimevua miwani, akaweka sauti juu. Alikuuliza kama auze shamba aliloniachia marehemu baba yake. Nikasikia ukimjibu, "Uza tu. Mama yako analala siku nzima, atajua saa ngapi?"

Zack sijamwambia kitu. Mnunuzi anakuja Jumanne. Nitavua miwani, nikae kiti kile kile, niwasikie mpaka mwisho. Wewe pia njoo, ukae karibu nami, uyaseme tena.

Ni mimi dada yako, ambaye hakuwa amelala,
Nyabate