Bwana Yangu Alikufa Mutoni, Lakini Kila Siku ya Soko Anasalimia Watu

Mama Annonciata, mushauri wetu,

Hapa Mweso watu wanasoma majibu yako ndani ya gazeti la misioni wakitoka misa, njo maana nimepata nguvu ya kukuandikia, kwa sababu neno langu padri amesikia nusu tu, na mama yangu mwenyewe nimemuficha, na kama hautanisaidia sijui nitageukia wapi.

Mimi naitwa Euphrasie. Bwana yangu alikuwa Honoré, mutoto wa Mama Léontine, na tangu tuoane alikuwa na wazo moja tu, kwamba watu wa Masisi na Walikale wapate habari zao wenyewe, si habari za Ulaya peke yake. Kwanza alianza gazeti dogo, tulilichapa kwa mashine ya mukono ndani ya nyumba, mimi nikikunja karatasi na mudogo wake Damien akiuzisha sokoni, lakini wenye kujua kusoma walikuwa wachache, na kisha karani mumoja akaja kusema gazeti haina ruhusa, akafunga mashine kwa kamba na lakiri, na mpaka leo iko vile. Akaanza tena na gramafoni na tarumbeta ya kukuza sauti, watu wacheze kidogo kisha awasomee matangazo, lakini kamyoneti yenye kuvibeba ikapinduka ndani ya matope njia ya Kitshanga na kila kitu kikavunjika. Watu walicheka. Mama-mukwe alimuomba arudilie shamba la maharagi kama wenzake, akakataa.

Halafu muzungu mumoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anarudi kwabo, akamuachilia mashine yenye inanasa sauti ya muntu kwenye utepe, na njo hiyo ilituinua. Vijana wengi wa huku wako kazini kwenye madini upande wa Walikale. Honoré alikuwa anaenda kule na Damien kunasa sauti zao, kila mumoja anasalimia mama yake ao muchumba wake, kisha siku ya soko tunazisikilizisha Kitshanga mbele ya watu wote, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Mimi nilikuwa napanga nani aanze, nageuza Kinyarwanda kwa Kihunde na Kihunde kwa Kiswahili, matangazo ya ngombe zenye kupotea, ya ndoa, ya sindano za hospitali. Watu walikuja toka milima ya mbali. Na kila mara Honoré alifungua kwa maneno yale yale, "Wazazi na ndugu, ni mimi Honoré, nimefika."

Musimu wa mvua uliopita alivuka muto karibu na Mpofi. Damien alikuwa amekwisha kutangulia na mashine, mutumbwi wa Honoré ukageuka katikati, na hakuonekana tena. Wavuvi wa pale walizamia mpaka chini kwenye mawe, hawakupata hata koti.

Tulirudi bila mwili. Tulilia, lakini matanga hatukumaliza, Mama Léontine alikataa, akasema hapana kumaliza matanga ya muntu mwenye hatujamuzika. Na siku Damien alirudisha kazi sokoni, bila kuniuliza alianza na utepe wa zamani, sauti ya Honoré ikisema amefika. Mama mumoja aliangusha kitunga chake cha mihogo. Nilifikiri watu watakimbia, lakini soko lenye lilifuata walikuja wengi kuliko mbele.

Kisha akaja mama mumoja wa Mpofi, akasema kama Honoré iko anaongea toka kule aliko, basi amupelekee mutoto wake marehemu salamu. Damien hakukataa. Alimuketisha mbele ya mikro ya ile mashine, nyumbani kwetu, yule mama akasema salamu zake, akanyamaza kidogo, kama muntu mwenye kungojea jibu. Damien alipomusikilizisha utepe, ndani ya ule unyamavu tulisikia maji. Mama, tulimunasa ndani ya chumba, mulango umefungwa, siku ya jua kali, na hakuna muto karibu ya nyumba yetu, lakini maji yalikuwa yanapita polepole, na chini ya maji kitu kama muntu anavuta pumzi mbele ya kusema. Yule mama alitabasamu, akashukuru, akaenda.

Damien anasema utepe ule Honoré aliutumia zamani kando ya muto, na sauti ya kwanza haifutikake yote. Pengine ni kweli. Lakini sasa wenye kusalimia wafu wamepita wenye kusalimia wazima, wanapanga mustari hata sokoni, wanasema, wananyamaza, na kila mumoja anasikia chake. Papa Callixte jirani yetu, mwenye alifiwa na bibi yake wa ndoa, alisikia bibi anamuita. Akavaa koti lake la misa akatembea njia ya Walikale, na tukamukuta kando ya muto, miguu ndani ya maji, anangojea mutumbwi. Nilipomushika mukono alisema kwa upole, "Wacha, dada. Wamesema nisichelewe."

Na mimi pia. Siku moja muchana Damien hakuwako, nikaketi mbele ya mikro, nikasema, "Honoré, nifanye nini?" nikanyamaza. Niliposikiliza, maji hayakuwako. Nilisikia jina langu, lile fupi la chumbani, lenye hakuna muntu mwingine analijua. Mutoto wetu Adelaïde alikuwa anacheza inje, akaingia mbio, akaniuliza, "Mama, Papa anakuitia nini?"

Damien anasema tukiacha, kazi itakufa mara ya tatu na haitafufuka. Mama-mukwe anasema mutoto wake anaongea kila soko, matanga ni ya nini. Mimi si bibi ya muntu, si mujane. Niache ao niendelee? Na kama ni yeye kweli, nitamufunga kinywa namna gani?

Euphrasie, Mweso

JIBU

Euphrasie mwanangu, pole. Naanza na pole kwa sababu naona wengi wamekuja kwako kusikiliza wafu wao, na hakuna aliyekumbuka kukulilia wako.

Barua yako niliisoma nikasema huyu mama amechoka, apumzike. Kisha nikaona haya kujibu nisichokiona. Nilikuwa na safari ya kununua maharage Masisi, nikapita Kitshanga siku ya soko. Wewe ulikuwa unapanga watu, hukunijua. Nilipewa zamu, nikamsalimia dada yangu Rosalie aliyekufa tukiwa wasichana, nikanyamaza, kisha nikasikiliza. Sitakuambia nilichosikia. Niliacha magunia yangu palepale nikaondoka, na mpaka nafika nyumbani sikukumbuka kwamba nilikwenda kununua maharage. Kwa hiyo sikucheki. Kama ni utepe ao ni mtu, sijui, na wewe acha kuuliza, kwa sababu shauri langu halibadiliki kwa jibu lolote.

Sasa nikukaripie. Mlimtoa mzee Callixte mtoni, mkarudi nyumbani, na soko lililofuata ukapanga mstari tena. Ulifikiri wa pili mtamkuta akingali anangojea mtumbwi? Mtoto wako anaingia mbio kukuuliza baba anakuitia nini, nawe unaniuliza uache ao uendelee. Acha. Uliyajua haya kabla hujashika kalamu.

Lakini kuna jambo hulijui. Kabla ya zamu yangu nilikaa na Mama Léontine kwenye jiwe pembeni ya soko, nikamuuliza kwa nini anakataa matanga. Alinitazama kwanza, akasema, "Mutoto wangu amekufa, najua. Sina wazimu. Lakini matanga ikiisha, Euphrasie atarudi kwabo na Adelaïde. Mimi nitabaki na nani?"

Umesikia? Wewe unamwogopa, yeye anakuogopa, Damien anaogopa njaa, na ninyi watatu mnamfanyisha marehemu kazi ya kuwashika pamoja. Hata punda huachwa apumzike.

Leo hii, kabla chakula hakijaiva, nenda kwa Mama Léontine umwambie kwa kinywa chako kama unabaki ao unaondoka. Kama unaondoka, mwambie mjukuu atakuja kwake lini na atakaa muda gani. Usimwache akisie. Kisha nendeni wote Mpofi, na Damien pia, hata kama atanuna. Mchukueni padri, na muwaombe wazee wa pale wawaonyeshe wanavyowalilia watu waliochukuliwa na maji. Padri akikunja uso, mwambie asimame na kitabu chake upande mmoja na wazee upande mwingine, kilio kinawatosha wote. Mlilieni Honoré mpaka mmalize, mrudi mkiwa mmemwacha.

Utepe wenye sauti yake usiuchome wala usiutupe majini. Sauti ya baba ni mali ya Adelaïde. Ifungeni sandukuni, sanduku likae kwa padri, siku mtoto akiwa mtu mzima ataamua mwenyewe. Tepe zote zilizoshika salamu za wafu zitoke nyumbani mwenu ziende na hilo sanduku, na kazi ianze upya na utepe ambao haujanasa kitu chochote. Damien akibisha, mwambie kaka yake alikuwa akipeleka salamu kwa watu wanaoweza kujibu, na biashara iliyowalisha ilikuwa ile.

Unaogopa itakufa mara ya tatu. Rudia kusoma barua yako uone nani alikunja karatasi na nani aligeuza lugha tatu. Soko lijalo mikro ushike wewe. Taja jina lako lote, uwaambie wazi kwamba salamu za wafu zimekwisha, kisha uendelee na ng'ombe waliopotea na sindano za hospitali. Wengine wataondoka hapo hapo, usiwaite. Watakaobaki wana watoto wazima kule kwenye madini, nao wamekaa muda mrefu bila habari kwa sababu mstari umejaa.

Na mashine ikiwa imewashwa, mwanangu, usiache nafasi tupu ya kimya. Soma tangazo linalofuata.