Bwana Afya Hapumzishwi

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima na kifua chako kimetulia. Mara ya mwisho uliandika kwamba baridi ya ghalani unakofanya kazi imekuletea kikohozi. Je, umenunua koti zito, au bado unajifanya kijana? Sisi huku hatujambo, mimi mama yako mdogo na mama yako pia. Goti langu la kushoto linalalamika nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini nimelizoea na lenyewe limenizoea. Baba yako mdogo naye ni mzima, kutwa yuko juu ya ngazi anapaka rangi nyumba za watu.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesikia kwa jirani kwamba Bwana Afya haoni tena na kwamba alitumbukia mtaroni, ukaomba nimpeleke kwa daktari wa mifugo Ijumaa, saa nne, apigwe sindano apumzike milele. Umesema wewe ndiye mwenye mbwa, kwa hiyo lawama utaibeba wewe. Nimeisoma mara tatu, mwanangu. Jibu langu ni hapana.

Nilikasirika kidogo, kisha nikalia kidogo, kisha nikatafuta kalamu. Najua umeandika kwa uchungu. Ulimwacha akikukimbilia hadi kwenye kona, sasa unaambiwa anapapasa kuta. Lakini jirani alikupa nusu ya habari, tena ile nusu mbaya. Tulia nikupe nzima.

Ni kweli macho yamekufa. Tulishtuka alipoanza kugonga ndoo ambayo imekaa pale pale miaka yote. Daktari alimmulika tochi, akasema hayaumi na hayatarudi. Mbwa aliyekuwa akitia pua katika sufuria za mtaa mzima, hadi watu wakampa cheo cha ukaguzi, akawa analala chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa na hatoki. Baba yako mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema apumzishwe. Nikamwambia hata yeye haoni bila miwani na hakuna aliyemwitia daktari wa sindano. Alininunia siku mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mimi. Nilimbeba. Nilimbeba kwenda kula, nikambeba kwenda kunywa, nikambeba kwenda kujisaidia, na mgongo huu unavyoniuma. Daktari aliponiuliza mbwa anafikaje kwenye bakuli, nilijibu kwa majivuno kwamba namfikisha mwenyewe, mikononi. Akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ana pua nzima, masikio mazima, na miguu minne mizima," akasema. "Kila ukimwinua, unampotezea njia. Mwache atembee."

Nikarudi nyumbani nimenywea, nikaanza kazi. Nilikata zulia la zamani vipande virefu, nikamtandikia njia kutoka anapolala hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi mlango wa nyuma. Bakuli liko pembeni ya kabati na halihamishwi hata nyumba iungue. Miguu ya meza na ya cherehani nimeivalisha mabaki ya sare za shule, ndani nimejaza pamba, ili akigonga asiumie. Ukiingia chumbani utadhani samani zangu zimeandikishwa darasa la kwanza. Penye zile ngazi tatu za nyuma nimeweka zulia gumu la kufutia miguu, akilikanyaga anajua pa kusimama. Kisha nikamfundisha maneno matatu: panda, shuka, subiri. Neno "shuka" lilichukua siku tisa na mkate mwingi.

Wateja nao nimewafundisha. Mlangoni nimebandika karatasi: ukivuta kiti, kirudishe. Mwalimu mmoja alikuja kupimwa gauni, akaacha kiti katikati ya chumba akaondoka. Nilimwita kutoka getini. Alirudi, akakisukuma mahali pake, akamwomba radhi mbwa. Mimi hakuniomba.

Baba yako mdogo unamjua, anatembea kama paka. Alikuwa akimshtua Bwana Afya hadi siku moja nusura ang'atwe. Nilimsihi awe anamwita kabla ya kumkaribia, akawa anasahau, basi nikamshonea vikengele viwili kwenye pindo la suruali ya kazi bila kumwambia. Aligundua akiwa juu ya ngazi, wenzake wamekufa kwa kicheko. Alirudi amefura, lakini hakuvitoa.

Sasa nifike kwenye huo mtaro. Mwisho wa mwezi uliopita nilipeleka sare shuleni nikachelewa kurudi. Baba yako mdogo akaona amepata nafasi ya kunifurahisha, maana miaka sita nimemsumbua anipakie rangi chumba cha kushonea. Akatoa kila kitu uani. Akakunja njia zote za zulia. Akapaka kuta buluu, akafungua madirisha na geti ili harufu itoke, kisha akarudisha vitu akivipanga alivyoona yeye vinapendeza. Cherehani aliiweka dirishani, eti nipate mwanga. Nia njema kabisa, siwezi kumkatalia.

Bwana Afya aliamka akakuta nyumba si yake. Hakuna zulia chini, hakuna harufu ila ya rangi. Akawa anafuata upepo, na upepo ulikuwa unatoka getini, penye mtaro. Niliporudi nilikuta baba yako mdogo amesimama ndani ya mtaro, maji machafu yamefika magotini, amemkumbatia mbwa, majirani wamejaa juu wanachungulia. Mbwa alichubuka kidevu tu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mume wangu, na niliyapanga vizuri njia nzima ya kurudi ndani. Lakini alikaa chini bila hata kuvua viatu, akasema taratibu:

"Nimemfukuza kwake."

Nikamletea maji ya moto na sabuni.

Kesho yake hakwenda kazini. Alijifunga macho kwa kipande cha kitambaa changu, akapiga magoti na kuanza kutambaa kutoka mahali anapolala mbwa. Akagonga cherehani. Akagonga kabati. Akaitukana meza. Kila alipogonga alipaka alama ya chaki, akaendelea. Mbwa alimfuata nyuma akimnusa nyayo, nadhani akiwaza kwamba hatimaye mtu amepata akili. Hadi mchana cherehani ilikuwa imerudi palepale ilipokuwa, zulia limepigiliwa misumari, na geti limewekwa springi, linajifunga lenyewe. Tangu siku hiyo neno la kupumzishwa halijasikika tena nyumbani kwangu, hadi uliponiletea wewe kwa barua.

Sikudanganyi kwamba kila siku ni njema. Bado anagonga. Kuna wakati anapotea katikati ya chumba, anasimama tu, ameinamisha kichwa. Mikono inaniwasha kumkimbilia. Siendi. Namwita, namsubiri, naye anageuza sikio, ananusa, anaikuta njia yake. Kusubiri huko kunaniuma kuliko goti, lakini nitasubiri kila siku. Na leo asubuhi amejileta jikoni peke yake, akatumbukiza pua kwenye sufuria yangu. Nimemfokea kama zamani, moyo umejaa furaha.

Ijumaa saa nne nilikwenda kwa daktari, kama ulivyotaka. Bwana Afya alitembea mwenyewe hadi mlangoni, nami nikimwambia panda, shuka, subiri. Niliomba kadi yake ya chanjo. Juu kabisa, mahali pa mwenye mbwa, palikuwa na jina lako. Nililikata kwa mstari mmoja, nikaandika langu, daktari akagonga muhuri.

Usinielewe vibaya. Sijakunyang'anya, nimekutua mzigo. Ulikuwa umeubeba peke yako, ukiwa mbali, usiku na mchana, na ulitaka kuumaliza kwa njia pekee uliyoiona. Sasa hakuna wa kukuomba ruhusa, na hakuna lawama ya kubeba. Mbwa ni wangu. Wewe kaa, kula, pona kikohozi.

Baba yako mdogo anakusalimu sana. Mama yako naye anakusalimu, anasema uandike hata mistari miwili. Binamu yako muuguzi anaulizia hilo koti kama mimi. Mungu akufunike, akupe kazi njema na watu wema wa kukaa nao.

Na siku utakayokuja, usimkimbilie kumshika. Simama getini, mwite, kisha subiri. Atakufikia mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Mama yako mdogo.