Perege Mgonjwa wa Baba

Jumamosi, Endagikot. Baridi kali, ukungu umeondoka saa nne, na mimi nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Niseme ukweli, wiki hii nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Ninasomea jeni zinazohusika na ukuaji wa mayai ya samaki, hasa ile inayoliamuru ini la perege jike litengeneze kiini cha yai. Nataka kujua kama inafanya kazi kwenye maji baridi ya huku kwetu. Lakini bila yai hata moja nitapima nini? Msimamizi wangu wa chuo alishasema mwezi ukiisha bila mayai, nifunge bwawa letu la perege hapa nyumbani, nitafute mada nyingine. Zimebaki siku nne.

Asubuhi nimemkuta baba amemtenga jike mmoja kwenye ndoo.

"Shikamoo baba. Huyo kafanyaje?"

"Marahaba. Anaumwa huyu. Tangu juzi hagusi pumba, na taya limevimba. Nimemtoa asije akaambukiza wenzake."

Baba amefuga tangu utoto. Ng'ombe asiyekula anatengwa, na kwake samaki naye ni mfugo tu. Tayari alishakoroga dawa ya minyoo ya mbuzi kwenye kikombe!

Nikapiga yowe. Nikamshika yule jike, nikampanua mdomo polepole.

Mayai!

Ya njano, yamejaa mdomo mzima. Perege jike huyatunza mayai yake mdomoni, ndiyo maana alikuwa hali. Na mimi, msomi mzima, kila siku napita pale kupima joto la maji, naandika, naondoka. Sikumwona. Aliyemwona ni baba. Nimeona aibu, lakini furaha imenizidi.

Nimechukua mayai machache ya kupeleka maabara. Baba alinisimamia kama askari: "Basi, inatosha, mwachie mwenyewe!" Tukamrudisha bwawani na mayai yake yaliyobaki. Ile dawa imemwagwa.

Nikampigia msimamizi simu. Akasema niendelee, bwawa lisifungwe. Nimelia kidogo, sitaficha.

Sasa hivi baba yuko ukingoni mwa bwawa, kajifunga shuka lake, anamwaga pumba na kukagua nani anakula na nani hali, akitafuta mgonjwa mwingine.

Ee Mungu wangu, waugue wote.